Sukuma Mama, Lakini Lini?

Mama wa Iyunga akishikwa na uchungu usiku, kusukuma ni jambo la mwisho analoliwaza. Kwanza kuna beseni. Iyunga iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, karibu na stesheni ya TAZARA, na jiji lote la Mbeya limekaa juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai baridi ya alfajiri huingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo ndani ya beseni, pamoja na khanga, pamba, glovu, wembe, mpira wa kulalia na kadi ya kliniki, kuna sweta na kofia ya mtoto, na juu ya vyote chupa ya chai iliyojazwa maji ya moto. Bajaji ikipatikana, safari inaanza. Asiye na tatizo huenda zahanati au kituo cha afya cha karibu. Mwenye dalili za hatari hupelekwa Meta, kilipo kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Huko aendako linamsubiri neno moja. Wanawake wengi wa Tanzania waliojifungulia hospitalini wamelisikia, na wapo wanaolikumbuka kuliko sura ya aliyelitamka: “Sukuma!” Mara nyingi haliji peke yake. “Bana pumzi, mama! Kidevu kifuani! Sukuma kama unaenda haja kubwa! Usipige kelele, nguvu inaishia mdomoni!” Uchungu ukiachia, mama anaambiwa apumzike. Ukirudi, amri zinaanza upya.

Je, amri hiyo inamsaidia? Swali linaonekana dogo, lakini limewashughulisha madaktari na wakunga kwa zaidi ya miaka 60, na majibu yake yanagusa kila kitanda cha leba kuanzia Mbeya hadi Montevideo. Jibu fupi ni kwamba mama mwenye afya, ambaye njia yake imefunguka yote na ambaye hakuchomwa ganzi ya mgongoni, hahitaji kufundishwa kusukuma. Mwili wake utamwambia. Sauti ya mkunga nayo ina saa yake, na saa hiyo ikifika inaweza kuokoa maisha. Kazi ni kuijua.

Msuli usiongoja amri

Mfuko wa uzazi ni msuli. Hauko chini ya hiari ya mtu. Mtu anaweza kuamua kukunja mkono au kufumba jicho, lakini hawezi kuuamuru mfuko wa uzazi ubane au uachie, kama asivyoweza kuuamuru moyo wake upige. Wanawake walioumia uti wa mgongo na kupooza kuanzia kifuani kwenda chini wameuthibitisha ukweli huu kwa miili yao. Mfuko wao wa uzazi hubana na kuachia kama wa mwanamke mwingine yeyote, na wapo wanaojifungua kwa njia ya kawaida, ingawa wengi wao huhitaji kusaidiwa mwishoni.

Kazi ya kwanza ya msuli huo ni kufungua mlango wa kizazi. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na mwisho wake ni pale mkunga anapopima na kusema njia imefunguka yote, yaani sentimita 10. Hapo ndugu walioko nje hupeana habari kwamba sasa anasukuma. Mara nyingi bado. Kichwa cha mtoto kinaweza kuwa juu, na kabla ya kutoka lazima kishuke, kijikunje, kijigeuze, na mifupa yake laini ipandane kidogo ili kipite kwenye nyonga. Wakati huo mama anaweza kukaa dakika kadhaa, pengine hata saa nzima, bila hamu yoyote ya kusukuma. Wengine husinzia. Uchungu huonekana kama umepoa, na mhudumu asiyeijua hatua hii huingiwa na hofu kwamba kazi imesimama. Ndipo amri zinapoanza mapema.

Mwaka 1941 mtaalamu wa fiziolojia wa Kanada, James Ferguson, alichapisha majaribio aliyowafanyia sungura wenye mimba. Aligundua kwamba mlango wa kizazi na njia ya uzazi vikitanuliwa, mfuko wa uzazi hubana kwa nguvu zaidi. Njia ikitanuka, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni ya oksitosini kwenye damu, na oksitosini huuchochea mfuko wa uzazi. Kadiri mtoto anavyoshuka ndivyo nguvu ya kumshusha inavyoongezeka. Wataalamu huuita mzunguko huu mwitikio wa Ferguson.

Kinachotokea baada ya hapo mkunga mzoefu hukitambua akiwa bado mlangoni, kwa kusikia tu. Sauti ya mama hubadilika. Aliyekuwa akilia kwa sauti nyembamba anashusha mguno mzito, kama wa mtu anayenyanyua gunia la viazi. Vidole vya miguu vinajikunja. Jasho linamtoka juu ya mdomo hata kama dirisha liko wazi na nje kuna ukungu. Anasukuma kidogo, sekunde tano au sita, anavuta pumzi, anasukuma tena, labda mara tatu au nne katika uchungu mmoja. Hakuna aliyemwambia. Akiulizwa, atasema hawezi kujizuia.

Kuna hali moja inayohitaji tahadhari. Wapo wanawake wanaopata hamu ya kusukuma kabla njia haijafunguka yote, hasa mtoto akiwa amelala vibaya na kichwa chake kinaugandamiza utumbo wa haja kubwa. Ndiyo maana mkunga hupima kabla ya kuitikia. Akikuta njia bado, atamsaidia mama abadilishe mkao, alale ubavu au apige magoti na kuegemea mikono, ahemee pumzi fupi fupi mpaka uchungu upite. Kumfokea mama huyo asukume ni kumtia kwenye kazi ambayo mlango haujawa tayari kuipokea.

Pumzi iliyobanwa

Kubana pumzi na kujikaza kwa muda mrefu kuna jina katika vitabu vya tiba: mbinu ya Valsalva. Antonio Maria Valsalva alikuwa mwanaanatomia wa Italia, na mbinu hiyo aliieleza katika kitabu chake kuhusu sikio kilichotoka mwaka 1704. Alikuwa akitafuta namna ya kutoa usaha sikioni. Kuzaa hakukuwa somo lake. Mbinu hiyo ilikuja kuingia leba miaka mingi baadaye, uzazi ulipohamia hospitalini na mama akawa mtu wa kuelekezwa.

Mkao nao una historia. François Mauriceau, daktari wa Paris, alichapisha mwaka 1668 kitabu cha uzazi kilichosomwa sana Ulaya, na ndani yake alipendekeza mama ajifungulie kitandani akiwa ameegemea nyuma. Kabla ya hapo, na baada ya hapo pia katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, wanawake walizaa wamechuchumaa, wamepiga magoti, au wamening'inia kwenye mikono ya mwanamke mwenzao. Kitanda kilimpa daktari nafasi ya kuona na kufanya kazi yake. Kwa mama, kilibadilisha mteremko. Akilala chali kabisa, njia ya uzazi hupinda kuelekea juu, na uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mishipa mikubwa ya damu iliyo mbele ya uti wa mgongo. Aliyewahi kubeba mzigo kutoka Mwanjelwa, hapo Mbeya, kwenda mtaa wa mlimani anaijua tofauti ya kushuka na kupanda.

Mmoja wa waliohoji mapema kelele za leba alikuwa daktari mwanamke wa Uingereza, Constance Beynon. Mwaka 1957 alichapisha makala iliyoomba hatua ya pili ya uchungu iendeshwe upya. Aliwafuatilia wanawake 100 wa uzazi wa kwanza ambao hawakuambiwa wasukume. Waliachwa wafuate miili yao. Wengi walijifungua salama kwa nguvu zao, na waliohitaji kushonwa walikuwa wachache kuliko walioelekezwa kwa namna ya kawaida ya siku zile.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1979, Roberto Caldeyro-Barcia wa Uruguay alieleza sababu. Huyu ndiye bingwa aliyejulikana duniani kwa kupima nguvu ya uchungu. Kipimo kinachotumika hadi leo kina jina la mji wake, Montevideo. Alionyesha kwamba mwanamke anayejiongoza husukuma kwa sekunde chache tu, kisha hupumua. Aliyeamriwa kubana pumzi hujikaza kwa muda mrefu zaidi, na hali ya mtoto wake inaweza kuzorota.

Maelezo yake yanaeleweka hata na asiye daktari. Pumzi ikibanwa sana, shinikizo hupanda kifuani, damu inayorudi kwenye moyo hupungua, na presha ya mama hushuka. Kondo la nyuma, ambalo ndilo pafu la mtoto kabla hajazaliwa, hupata damu pungufu. Tayari kila uchungu peke yake hupunguza damu hiyo kwa muda, na mtoto mwenye afya huvumilia kwa sababu baada ya uchungu kuna mapumziko. Mapumziko yale ndiyo akiba yake.

Mizani ya utafiti

Mtu akisoma habari za Beynon na Caldeyro-Barcia anaweza kudhani kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2017 watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima majaribio yote yaliyofanyika kuhusu jambo moja, walitoa tathmini mpya kuhusu namna za kusukuma. Walipata majaribio 21. Kati yake, manane yenye wanawake 884 yalilinganisha wanaojiongoza na wanaoelekezwa. Hawakuona tofauti ya wazi katika muda wa kusukuma, katika kuchanika sana kwa msamba, wala katika hali ya watoto. Walisema pia kwamba ushahidi wenyewe haukuwa imara. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mama achague linalomfaa, kwa kuzingatia hali yake.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa makini, maana yanavutwa huku na huku. Hayasemi kwamba kuelekeza kunaua. Wala hayasemi kwamba kujiongoza huondoa kila hatari. Yanachosema ni kwamba kelele zile zote, kubana pumzi, kidevu kifuani, hazijathibitika kumpa mama au mtoto faida. Na jambo lisilo na faida iliyothibitika halipaswi kulazimishwa kwa mtu aliye katika saa nzito kuliko zote za maisha yake.

Shirika la Afya Duniani limesimama hapo hapo. Mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu una mapendekezo 56. Mojawapo linasema mama aliye katika hatua ya kusukuma atiwe moyo na asaidiwe kufuata msukumo wa mwili wake mwenyewe. Mengine yanataka apewe nafasi ya kuchagua mkao, awe na mtu wake wa karibu pembeni, na asikatwe kuongezewa njia kama desturi ya kila mzazi. Kukandamiza tumbo kwa mikono au kiwiko ili mtoto ashuke hakupendekezwi.

Mkao wa wima nao una pande mbili. Tathmini nyingine ya Cochrane ya mwaka huo huo wa 2017 iliona kwamba wanawake wasio na ganzi wanaochuchumaa, kukaa au kupiga magoti hupungukiwa na haja ya kuvutwa mtoto kwa vifaa na ya kuongezewa njia, lakini huenda wakapoteza damu zaidi ya mililita 500 mara nyingi zaidi. Katika nchi ambayo kutokwa damu baada ya kujifungua bado kunaua, jambo hilo si la kupuuza. Linamtaka mkunga awe na sindano ya oksitosini tayari mkononi kabla mtoto hajatoka, popote mama alipochagua kujifungulia, kitandani au kwenye mkeka.

Kuna mkanganyiko mwingine unaokuja kwa simu. Ndugu aliyejifungulia Marekani anamtumia mdogo wake wa Mbeya ujumbe wa sauti: njia ilipofunguka yote waliniambia nisubiri saa nzima bila kusukuma. Ni kweli, lakini yeye alikuwa na ganzi ya mgongoni. Ganzi hiyo hupunguza hamu ya kusukuma, kwa hiyo swali la kusubiri au kuanza mara moja huwa la wahudumu zaidi kuliko la mwili. Mwaka 2018 jaribio kubwa la hospitali sita za Marekani, lenye wanawake 2,414 wa uzazi wa kwanza waliochomwa ganzi, lilionyesha kwamba kusubiri hakukuongeza idadi ya waliojifungua kwa njia ya kawaida. Asilimia zilikuwa karibu sawa, 85.9 kwa walioanza kusukuma mara moja na 86.5 kwa waliosubiri, na waliosubiri walitokwa damu nyingi mara nyingi zaidi. Katika vituo vingi vya Tanzania ganzi hiyo haipo. Mama wa Iyunga anasikia kila kitu, na kusikia huko ndiko kunakomwongoza.

Haraka inatoka wapi

Ni rahisi kumlaumu nesi. Anayelaumu na aangalie kwanza leba ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya wazazi walijifungulia kwenye vituo vya huduma. Ule wa mwaka 2022 ulikuta wamefika asilimia 81. Katika tafiti hizo hizo, makadirio ya vifo vya akina mama yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hayo ni mafanikio ambayo nchi ina haki ya kuyafurahia. Lakini wanawake wengi zaidi mlangoni ni kazi zaidi kwa mikono ile ile. Nesi anayesema “sukuma haraka” mara nyingi amesikia mguno wa mama mwingine nyuma ya pazia, na kitanda ni kimoja.

Hata saa inayotawala leba ina asili ya Kiafrika. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakiwa Salisbury, mji ambao leo ni Harare, walichora kwenye chati ya uchungu mistari miwili: wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Walimfikiria mkunga wa kijijini aliye mbali na chumba cha upasuaji, aweze kujua mapema nani wa kumpa rufaa. Chati hiyo ilienea duniani kote. Baada ya muda, kilichobuniwa kuwa kengele ya onyo kikageuzwa kipimo cha mwendo, na mama asiyefungua sentimita moja kwa saa akaonekana mwenye kasoro. Mwongozo wa 2018 ulisema kipimo hicho hakifai kwa kila mwanamke, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa chati mpya ya kumhudumia mama katika uchungu.

Haraka ikikosa breki hugeuka ukali. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza wanawake walipokuwa wakitoka kituoni kama walidharauliwa au kutendewa vibaya. Karibu mmoja kati ya watano alisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakiwa hawamwogopi tena mtu, waliosema ndiyo walizidi robo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Yaliyotajwa ni pamoja na kufokewa, kutishwa, kupigwa na kuachwa peke yao. Baada ya hapo, katika mradi ulioitwa Staha, jamii na wahudumu walikaa pamoja wakakubaliana haki na wajibu wa kila upande, na kituo kikachagua cha kurekebisha. Vitendo vile vilipungua sana.

Haraka hiyo huanzia hata nyumbani. Kuna dawa za miti shamba ambazo mama hupewa ili uchungu “ushike”, na kuna dripu ya oksitosini ambayo mtu hufikiri kila mzazi anaihitaji. Zote hufanya jambo moja: huongeza nguvu ya mfuko wa uzazi na kupunguza mapumziko kati ya uchungu na uchungu. Dripu ikisimamiwa na mhudumu anayepima ina nafasi yake. Dawa ya kikombe haina kipimo, na mama aliyeinywa akaficha humnyima mkunga habari anayoihitaji kuliko zote.

Pale sauti inapohitajika

Kufuata mwili hakuna maana ya kumwacha mama peke yake. Hapa ndipo wengi wanaotetea uzazi wa utulivu hujikwaa. Utulivu bila mtu wa kusikiliza ni hatari.

Kifaa cha kusikilizia ni kidogo: pembe ya mbao, ya plastiki au ya bati, aliyoibuni Adolphe Pinard wa Paris mwaka 1895 na ambayo bado inatumika. Mkunga huiweka tumboni, hulaza sikio juu yake, huondoa mkono, na huhesabu huku macho yake yakiwa kwenye saa. Mapigo ya kawaida ya mtoto ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mama akianza kusukuma, Shirika la Afya Duniani linataka yasikilizwe kila baada ya dakika tano. Mapigo yakishuka na kukawia kupanda uchungu unapoachia, mtoto anasema akiba yake inakwisha. Hapo mkunga hubadilisha mkao wa mama, huita msaada, na kama kichwa kiko chini karibu kutoka, humwambia kwa sauti thabiti: mama, sasa tunamhitaji mtoto, sukuma kwa nguvu zako zote. Amri hiyo ina sababu, na mama anaielewa kwa sababu hakuchoshwa na amri 40 kabla yake.

Muda nao una mpaka. Kwa uzazi wa kwanza hatua ya pili kwa kawaida humalizika ndani ya saa tatu, na kwa aliyekwisha kuzaa, ndani ya saa mbili. Mama akisukuma na kichwa hakishuki, huenda ni uzazi pingamizi, na hakuna kelele itakayolipanua tundu la nyonga. Kuendelea kumwambia asukume ni kumpotezea muda. Kichwa kinachokwama kwa muda mrefu hukandamiza nyama za mama mpaka zinakufa, na mwisho wake unaweza kuwa fistula, mkojo kumtoka bila kujizuia. Anayehitaji kufika kwenye upasuaji leo ana njia ambayo shangazi zake hawakuwa nayo: mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, unaopigiwa bure kwa namba 115. Kwa mama wa milima ya Kilolo, mkoani Iringa, ambako mvua hukata barabara, busara inabaki ile ya zamani: kusogea karibu na hospitali kabla ya siku, kwenye nyumba ya kusubiria ambayo wengi huiita chigonela.

Wazanzibari wameonyesha nini sikio lililofundishwa linaweza kufanya. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia mwaka 2014, wahudumu na watafiti walitunga mwongozo mfupi wa mfukoni unaoendana na hali halisi ya wodi yenye msongamano, wakafanya mafunzo ya mara kwa mara. Mradi huo unaitwa PartoMa. Watoto waliozaliwa wafu hospitalini walipungua kutoka 59 hadi 39 kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Hakikujengwa jengo jipya. Kilichobadilika ni namna mama alivyofuatiliwa. Bara, mpango wa Safer Births, uliokua kutokana na kazi ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom huko Manyara, ulipeleka kwenye vituo 30 vya mikoa mitano mazoezi ya mara kwa mara na vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya mtoto na kumsaidia kupumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wanaozaliwa vimeshuka.

Hema, usisukume

Turudi kwa yule mama tuliyemwacha kwenye bajaji, tumchukulie kuwa wa uzazi wa kwanza, mwenye afya, na kwamba kamkuta mkunga wa aina hii. Njia ilifunguka yote saa kumi kasoro alfajiri. Hakuambiwa asukume. Aliambiwa alale ubavu wa kushoto na kupumzika, na mama mkwe aliyeruhusiwa kukaa naye akampa maji kidogo kidogo. Robo saa, nusu saa. Kila baada ya muda pembe iliwekwa tumboni, mkunga akahesabu, akatikisa kichwa kuridhia, akaandika.

Kisha ule mguno ukaja.

“Mama, unasikia kama haja?”

“Nasikia, dada. Siwezi kuzuia.”

“Basi usizuie. Fuata hivyo hivyo.”

Alipiga magoti juu ya mpira, ameegemea mabega ya mama mkwe. Mkunga alimimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akayachanganya na ya baridi, akaujaribu uvuguvugu kwa mkono wake, akalowesha kitambaa safi na kukishikilia kwenye msamba. Utafiti umeonyesha kwamba kitambaa cha namna hiyo hupunguza kuchanika kule kubaya kunakofika mpaka kwenye njia ya haja kubwa. Gharama yake ni maji ya moto na mkono wa kukishika.

Nywele zikaonekana, zikarudi, zikaonekana tena. Na hapo, kichwa kilipokaa bila kurudi nyuma, mkunga akasema neno ambalo mama hakulitarajia: “Sasa usisukume. Hema. Hema kama umepanda mlima.” Dakika hiyo ndiyo msamba unapohitaji kutanuka taratibu, na mfuko wa uzazi unatosha kukitoa kichwa wenyewe. Mama akahema, mdomo wazi, macho kayafumba. Paji la uso likatoka, pua, kidevu. Mkunga akapitisha kidole shingoni kuangalia kitovu, akangoja. Uchungu uliofuata ukaleta mabega, na mtoto akalia kabla hajafikishwa kifuani kwa mama yake.

Sindano ya oksitosini ilichomwa ndani ya dakika moja. Kofia ya sufu ikavishwa, khanga kavu ikafunikwa juu ya wote wawili, maana dirishani kulikuwa bado na ukungu. Mkunga alisubiri kondo la nyuma, akakagua damu, akaandika saa kwenye chati. Nyuma ya pazia mama mwingine aliguna, mguno ule ule mzito. Alivua glovu, akanawa, akaichukua pembe mezani na kwenda kusikiliza.